Kigong'ota, kuku au chandarua? Kuchagua mlinzi wa kitalu cha miti Uganda

Mti mkavu ukiwa jirani na kitalu, kigong'ota hakosi. Anapanda shina kwa kurukaruka, anabandua gome, anachomoa funza mnene, na mwenye kitalu anayemtazama anaanza kupiga hesabu ya dawa atakayoacha kununua. Kwa baadhi ya wadudu hesabu hiyo ni sahihi. Kwa wengine haina msingi kabisa. Kinachoamua ni mahali mdudu anapoishi na saa anayokula, basi. Kwa hiyo hapa tunamweka kigong'ota kando ya walinzi wengine ambao mwenye kitalu wa Mukono, Masindi, Gulu au Arua anaweza kuwapata: kuku na kanga, hudihudi, maji moto, nyigu wadogo wanaoangamiza wadudu wenzao, na mikono ya binadamu ikisaidiwa na chandarua na mwarobaini.

Kigong'ota: yupi, na anakula nini

Uganda ina aina nyingi za vigong'ota na hawali chakula kimoja. Anayefaa zaidi jirani na kitalu ni yule mdogo anayeonekana mashambani, Dendropicos fuscescens: urefu wa sentimita 15 hivi, uzito wa gramu 30 hivi, kifua cheupe chenye michirizi myeusi, na dume ana wekundu nyuma ya utosi. Huyu hupenda matawi membamba. Hata mabua makavu ya mahindi huyagonga kutafuta viwavi na funza wa mbawakawa. Mkubwa kumzidi ni yule wa kijivu, Dendropicos goertae, mwenye kichwa na kifua vya kijivu na wekundu juu ya mkia. Anaingia bustanini bila woga na hula mchwa, sisimizi na funza. Kisha kuna kundi la Campethera, wenye mabaka na madoadoa, ambao kwao mchwa na sisimizi ndicho chakula na funza wa ndani ya mbao ni nyongeza tu. Campethera nivosa wa misitu kama Mabira na Budongo hula sisimizi karibu kila anapokula.

Tofauti hii ina maana shambani. Ukiona ndege anabomoa njia za udongo ambazo mchwa wamejenga juu ya gome, huyo anakusaidia kwa mchwa. Usimtarajie ashughulikie kipekecha cha mkangazi, yule kiwavi anayekula ncha za mti huo kwa ndani. Ukimwona mdogo mwenye michirizi akipita tawi kwa tawi na kusikiliza kabla ya kugonga, huyo ndiye.

Sasa, mipaka yake. Mguu wa kigong'ota una vidole viwili mbele na viwili nyuma, mkia wake ni mgumu na anauegemea anapogonga, na ulimi wake mrefu wenye mate ya kunata unafika ndani kabisa ya tundu la funza. Vifaa vyote hivi vinataka shina lililosimama imara. Mche wa mkaratusi ulio tayari kupandwa, wa miezi 3 hadi 4, una urefu wa sentimita 25 hadi 30 na shina la unene wa milimita chache. Hauwezi kumbeba ndege, na ndani yake hamna nafasi ya funza anayestahili kugongewa. Ndiyo sababu hutamwona akitua kwenye viriba, hata kitalu kikiwa kimejaa wadudu.

Halafu kuna saa. Kigong'ota huingia tundu lake kulala giza linapokaribia. Sota na nyenje wakubwa, ambao ndio wakataji wa miche michanga, hutoka baada ya hapo. Hawakutani.

Idadi nayo hairuhusu. Jozi moja inashika eneo kubwa, hekta kadhaa, na kuwafukuza wengine wa aina yake. Hata ukisimamisha magogo kumi, kitalu cha robo ekari hakitapata jozi kumi.

Jambo la mwisho ndilo husahaulika zaidi: yeye anakuja baada ya uharibifu. Funza lazima awe ameshaingia na kunenepa ndipo asikike. Marekani kuna mfano mzuri. Mbawakawa wa kijani kutoka Asia aligunduliwa Michigan mwaka 2002 akila miti ya jamii ya Fraxinus, na vigong'ota wa kule wamekuwa miongoni mwa maadui wakubwa wa funza wake. Wamekula kweli kweli, na bado miti mamilioni imekufa. Uchina walifanya vizuri zaidi: walifunga magogo laini kwenye mashamba ya mipopla ili vigong'ota wachimbe viota na kupunguza funza wa mbawakawa wenye vipapasio virefu. Lakini ile ilikuwa miti mikubwa, na mti mkubwa unaweza kupoteza kilo ya mbao ukaendelea kuishi. Mche ukitobolewa mara moja, umekwenda.

Anapolipa kweli

Mahali pa kigong'ota ni nje ya uzio wa kitalu: kwenye miti mama unakochuma mbegu na vipandikizi, kwenye miti ya kivuli, na kwenye shamba jipya kuanzia mwaka wa pili. Chukua mkangazi. Kiwavi wa nondo Hypsipyla robusta anaingia ncha ya juu, anaila katikati, ncha inanyauka, kisha mti unachipua matawi mawili au matatu na ndoto ya gogo lililonyooka inaishia hapo. Kitaluni unaweza kumwona, ila makali yake ni miaka ya kwanza shambani. Shina likishafikia unene wa kidole gumba, kigong'ota mdogo anaweza kulishika na kumchomoa kiwavi. Hataokoa ncha iliyokwisha kuliwa, lakini kila kiwavi anayemla ni nondo mmoja pungufu anayerudi kutaga kwenye miche yako.

Matumizi ya pili ni ukaguzi, na hapa ndipo tungempa alama nyingi kuliko wengi wanavyompa. Akirudia mti mama uleule siku mbili tatu mfululizo, nenda ukautazame. Bandua kipande kidogo cha gome pale alipogonga. Ukikuta unga wa mbao mkavu, kinyesi kilichofungamana na nyuzi, au utomvu unaotiririka kwenye tundu, mti huo una wageni ndani na usiuchukulie mbegu wala vikonyo mpaka ujue kina cha tatizo. Wengine humlaumu ndege kwamba ndiye anayeua mti. Vigong'ota wa Afrika hawana tabia ya kutoboa safu za matundu ili wanywe utomvu, kama wafanyavyo baadhi ya jamaa zao wa Marekani; akigonga mara kwa mara mahali pamoja, anafuata kitu kilichomtangulia.

Kumweka jirani bila kujiletea balaa

Hahitaji kulishwa. Anahitaji mbao iliyokufa ikiwa imesimama. Chagua mti unaooza upesi: mparachichi mkavu, musizi, mwembe uliozeeka. Ukate juu, ubakize kisiki cha mita 3 hadi 5 chenye unene usiopungua sentimita 20. Kiwe mbali na vichanja kwa zaidi ya urefu wake. Kisiki cha mita 5 kikae angalau mita 8 kutoka kwenye miche na njia za wafanyakazi, kwa sababu siku moja kitaanguka, na mara nyingi kinaanguka na mvua za usiku.

Kama hakuna mti mkavu, funga gogo. Kata kipande cha mbao laini iliyoanza kuoza, urefu sentimita 60 hadi 80, unene 20, ukifunge kwa waya kwenye mti hai, kimo cha mita 3 au 4. Chonga kishimo cha upana wa sentimita 4 na kina cha sentimita 2 tu, umwachie mwenyewe amalizie. Wengi hukosea hapa: wanatengeneza sanduku lenye tundu tayari. Kigong'ota anataka kuchimba. Sanduku lililo tayari litachukuliwa na kwenzi, panya au nyuki. Akishakubali gogo, mayai hukaa takriban wiki mbili na makinda karibu wiki nne, na muda wote huo usisogeze ngazi pale.

Faida inayokuja baadaye ni matundu yaliyoachwa. Goregore, wale weusi wenye mikia mirefu wanaotembea kwa makundi na kupiga kelele, hulala na kutaga ndani ya matundu ya zamani ya vigong'ota, na hupekua nyufa za gome kwa midomo yao iliyopinda. Gogo moja kwa hiyo linaweza kukuletea walinzi wa aina mbili.

Usimtege wala kumfungia. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 haimruhusu mtu kumkamata mnyama wa porini bila kibali, na ndege wamo. Na ukichagua kumtegemea, chunga dawa. Klorpirifosi na fipronili zinazotumiwa dhidi ya mchwa ni sumu kwa ndege. Fipronili ni kali hasa kwa jamii ya kuku. Ndege anayeokota mchwa waliolewa dawa anakula dozi nzima. Huwezi kumwaga dawa hizo kuzunguka kitalu halafu ukawaita walinzi wenye mabawa.

Mchwa: swali la kila mtu

Hili ndilo eneo ambalo kigong'ota hupewa sifa asizostahili. Ni kweli anakula mchwa wengi. Lakini anaokota vibarua na askari walioko juu ya gome mchana, wakati malkia yuko chini ya ardhi akitaga maelfu ya mayai kwa siku. Kundi la Macrotermes lina mchwa malaki, wakati mwingine zaidi ya milioni. Ndege hawezi kulimaliza.

Kinachofanya kazi ndani ya kitalu ni kuwakatia njia. Inua miche kwenye vichanja vya sentimita 60 hadi 80. Kila mguu wa kichanja uusimamishe kwenye kopo lenye oili chafu, na kopo lifunikwe kwa kipande cha bati ili mvua isiifurishe. Kagua kila wiki: jani moja kavu lililodondoka likagusa kichanja na ardhi ni daraja tosha. Kama viriba viko chini, tandika nailoni nzito na uzungushe mfereji mwembamba uliosafishwa. Ukikuta njia ya udongo inapanda ukingoni, ivunje asubuhi hiyohiyo.

Kichuguu kikubwa chenye mnara kinaweza kuchimbwa. Anzia ubavuni, fuata udongo unaozidi kuwa mgumu, utafute chumba cha udongo mzito chenye umbo bapa. Malkia yumo humo. Asipotolewa, umewasumbua tu. Odontotermes na Microtermes hawana mnara wa namna hiyo. Viota vyao vimesambaa chini na kuchimba hakusaidii. Jambo moja la ujirani: vichuguu vingi Uganda vina wenyewe wanaovuna kumbikumbi kila msimu. Uliza kabla ya kushika jembe, maana ugomvi wa kichuguu hauishi upesi.

Na ukishapeleka miche shambani, usipalilie mpaka ardhi ikawa tupu. Mchwa wakikosa majani makavu ya kula wanageukia shingo ya mche, hasa wiki za jua baada ya kupanda. Acha nyasi zilizokatwa kati ya mistari, sentimita 30 mbali na shina.

Kuku na kanga: wazuri kwa wiki moja, wabaya kwa zilizobaki

Dhidi ya sota, funza weupe wa ardhini na mayai ya wadudu, kuku anamshinda kigong'ota kwa mbali, kwa sababu yeye anafanya kazi pale wadudu walipo. Tatizo ni makucha. Kuku watano wakiingia kwenye kitalu chenye miche iliyoota, kwa nusu saa watafukua tuta zima, watamwaga viriba na kudonoa majani machanga. Basi watumie kabla ya kujaza viriba.

Tandaza udongo wa msituni uliochanganywa na mchanga na mboji kwa unene wa sentimita 10, mahali penye uzio. Fungulia kuku asubuhi bila kuwapa chakula kwanza. Kila jioni geuza udongo kwa reki ili waliokuwa chini wapande juu. Siku 4 au 5 zinatosha. Utajua umemaliza pale kuku wanapopoteza hamu na kuanza kulala juu ya udongo. Uondoe uchafu wao mpya, kwa sababu mbolea mbichi ya kuku huunguza mizizi, kisha chekecha na ujaze. Baada ya hapo mlango ufungwe. Si "wawe wanaingia kidogo tu".

Kanga hufukua kidogo kuliko kuku na hufuata panzi kwa bidii, kwa hiyo anaweza kuzunguka nje ya uzio mwaka mzima. Bata anakula konokono vizuri, lakini miguu yake inakanyaga kila kitu.

Wengine kwa ufupi

Wenye vitalu wanapaswa kumheshimu hudihudi kuliko kigong'ota, ingawa hapigi ngoma. Mdomo wake mrefu unachomekwa kwenye udongo laini na kuvuta sota, chenene na funza wakiwa wamejificha mchana, na hafukui kama kuku. Anapenda nyasi fupi na ardhi wazi, hivyo fyeka ukanda wa mita 5 hadi 10 kuzunguka kitalu. Hutaga kwenye matundu ya miti na kuta.

Maji moto, sisimizi wekundu wanaoshona majani, ni wawindaji hodari wa viwavi na kunguni wa mimea juu ya miti mama. Kitaluni hawafai. Wanawang'ata wanaomwagilia, na pia wanawafuga vidung'ata na vidukari kwa ajili ya maji matamu yao. Ukiona shina la mche lina msururu wa sisimizi wanaopanda na kushuka, geuza jani; mara nyingi vidukari wamejaa chini yake.

Nyigu wadogo ndio jibu la muda mrefu kwa wadudu wageni. Mfano wa kanda yetu ni kidukari wa misipresi, Cinara, aliyekausha miti Afrika Mashariki na Kusini kuanzia miaka ya 1980. Nyigu Pauesia juniperorum aliachiliwa Malawi mwaka 1994 ili kumkabili. Lakini kuleta nyigu ni kazi ya taasisi za utafiti, kama NaFORRI kule Kifu, Mukono. Kazi yako ni kutowaua: usipulize dawa kali kitalu kizima kwa ajili ya vidukari wa kona moja.

Mikono, chandarua, mwarobaini

Haipendezi kusikia, ila vinundu hakuna ndege wa kuvitibu. Mvule ndiye mgonjwa mkubwa. Mdudu Phytolyma, mdogo sana, anataga kwenye machipukizi. Watoto wake wakianza kufyonza, tishu inavimba na kuwafunika. Ndani ya kinundu wako salama dhidi ya karibu kila kitu. Kinundu kikikomaa kinapasuka, wakubwa wanaruka kwenda mche wa pili, na ncha inaoza. Kwa hiyo pita kila siku ya tatu, kata vinundu vikiwa bado vya kijani na vimefumba, viweke kwenye mfuko wa nailoni, ufunge na kuuacha juani. Ukingoja vipasuke umechelewa kwa kizazi kizima. Funika miche kwa kitambaa cha matundu yasiyozidi milimita 1 tangu jani la kwanza. Ukifunika baada ya kuona vinundu, umewafungia ndani.

Mkaratusi una yake. Nyigu Leptocybe invasa, mwenye urefu wa milimita 1 na kitu, alionekana Uganda mwaka 2002 na hutengeneza vinundu kwenye mshipa mkuu wa jani, kikonyo na shina changa. Mkaratusi wa aina ya camaldulensis huumia sana. Katika chotara za GC (grandis na camaldulensis) zinazouzwa Uganda ustahimilivu hutofautiana, kwa hiyo muulize anayekuuzia vipandikizi ni namba gani na uone miti mama yake kwa macho. Mche wenye vinundu shinani choma, usiuze kwa bei ya kutupa. Ukiuza, umemuuzia mteja mdudu.

Kwa sota, tochi. Toka saa mbili au saa tatu usiku, angalia pembeni mwa mche uliodondoka, fukua kwa kidole sentimita 2 hadi 5. Sota amejikunja pale pale, hajaenda mbali. Kwa vidukari na viwavi wadogo, saga mbegu kavu za mwarobaini, loweka gramu 50 kwa kila lita ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni ya maji kidogo, upulize jioni, kwa sababu jua huivunja nguvu. Rudia baada ya siku 5 hadi 7. Jaribu kwanza kwenye miche kumi na usubiri siku mbili. Sabuni ikizidi majani huungua kingo.

Kosa la chandarua ni joto. Kitambaa chenye matundu madogo kinazuia upepo, miche inarefuka kwa unyonge na ukungu unaingia shingoni. Acha nafasi ya sentimita 50 juu ya miche na umwagilie asubuhi, si jioni.

| Mdudu | Kigong'ota | Kuku, hudihudi | Mikono, chandarua, mwarobaini |
|---|---|---|---|
| Sota, nyenje | Hapana | Ndiyo. Kuku kabla ya kujaza viriba | Tochi usiku |
| Mchwa | Hupunguza juu ya gome tu | Kuku huwala, hawawamalizi | Vichanja vyenye oili, kuchimba malkia |
| Vidukari, vidung'ata | Hapana | Hapana | Mwarobaini |
| Vinundu vya mvule na mkaratusi | Hapana | Hapana | Kukata, kitambaa, aina stahimilivu |
| Kipekecha cha mkangazi | Shambani, shina likinenepa | Hapana | Kukata ncha iliyoshambuliwa |
| Funza wa mbao, miti mama | Ndiyo | Hapana | Vigumu kumfikia |

Uchague nini

Kitalu kidogo cha nyumbani, miche elfu mbili tatu ya grivelea, musizi na matunda: kuku kwenye udongo, vichanja vyenye makopo, tochi, mwarobaini. Kigong'ota akiwepo, vizuri. Usitumie hata shilingi moja kumwita.

Kitalu chenye miti mama yake, au kinachopanda mkangazi na musizi shambani kwake: hapa gogo la kigong'ota ni uwekezaji wa bei rahisi kuliko yote, kwa sababu funza wa ndani ya mbao ndiye adui ambaye dawa ya kupuliza haimfikii. Weka gogo moja kwa kila upande wa shamba. Zaidi ya hapo hakuna maana.

Kitalu cha kuuza mikaratusi ya vipandikizi au mvule: pesa zote ziende kwenye kitambaa, ukaguzi wa kila siku ya tatu, na aina stahimilivu. Ndege msahau.

Kitalu cha kahawa robusta kimekaa katikati, na watu wengi hujidanganya nacho. Kipekecha cheusi cha matawi, Xylosandrus compactus, kinachojulikana Uganda tangu 1993 kiliporipotiwa Bundibugyo, kinatoboa tundu la milimita 1 hivi upande wa chini wa kitawi na kuotesha ukungu ndani kwa ajili ya watoto wake. Kwa kuwa ni mdudu wa ndani ya mbao, mtu hufikiri kigong'ota atamaliza kazi. Lakini jike lina urefu usiofika milimita 2, na kitawi chenyewe hunyauka upesi baada ya kutobolewa. Kata sentimita 5 hadi 8 chini ya tundu, choma siku hiyohiyo, na ukague miparachichi na mikakao iliyo karibu, maana humo pia hujificha. Vitawi vilivyokatwa na kuachwa chini vinaendelea kutoa mbawakawa wapya, na hilo ndilo kosa linaloonekana zaidi katika vitalu vya kahawa.